Matroni wa Bweni Tupu

Tangazo la kufunga shule kwa mwezi mmoja kwa sababu ya ugonjwa lilitolewa asubuhi, na ilipofika jioni bweni lilikuwa limebaki vitanda na chaga zake.

Matroni alisimama mlangoni, ufunguo mkononi, hajui afunge au aache wazi. Tangu kulipokucha hakuwa ameketi. Alikuwa amevuta masanduku kutoka uvunguni, amekunja magodoro, amewapigia wazazi simu mpaka sauti ikamkauka, amegawa barakoa za kitambaa zilizoletwa na mwalimu mkuu ndani ya mfuko wa plastiki, na zaidi ya mara moja amewatenganisha wasichana waliokuwa wamekumbatiana wakilia, kwa kuwa amri ilikuwa watu wasigusane.

"Nendeni salama, mtarudi sasa hivi tu," aliwaambia. "Hata misuko yenu haitakuwa imefumuka."

Aliamini alichokisema. Siku ile karibu kila mtu aliamini hivyo.

Yeye mwenyewe hakuwa wa kwenda popote. Alikuja shuleni pale akiwa mjane angali kijana, ndoa yake haikuwahi kutimiza mwaka, hana mtoto wala kiwanja. Walimpa chumba mwisho wa korido, chenye dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo, wakamwambia akae hapo kwa muda wakati wakimtafutia nyumba. Muda huo sasa ulikuwa unakaribia miaka ishirini. Humo ndimo alimozeekea, akiamshwa na hodi za kila aina: huyu tumbo linamkata, yule kaona panya, mwingine kavunja ungo na hajui afanye nini, analia kana kwamba amepigwa. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye mkataba wa kazi. Hata mdogo wake, aliyenyonya naye ziwa moja, siku hizi alimwita Matroni.

Walimu waliondoka, wapishi wakaondoka. Kati ya walinzi watatu uongozi ulimbakiza mmoja, mzee wa zamu ya usiku aliyeitwa Sajini. Jeshini hajakanyaga hata siku moja. Jina alilipata kwa sababu ya buti zake zilizong'aa kama kioo na saluti aliyompigia kila anayeingia getini, awe mkaguzi wa elimu au muuza mboga.

Siku za mwanzo Matroni alijitwika kazi. Alifua mapazia ya madirisha yote, akasugua vyoo mpaka mikono ikamchubuka, akapaka mafuta bawaba za milango, akamwagia vitanda maji ya moto kuua kunguni. Vitanda vya ghorofa alivisogeza peke yake, akivisukuma kwa nyonga, akaokota huko nyuma vibanio vya nywele, vichwa vya penseli na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Alipolala alilala fofofo. Akajisemea, kumbe hata mimi naweza kupumzika.

Kisha kazi ikaisha, na hapo ndipo mambo yalipoanza kumwendea kombo.

Mwili haukuwa umepata lile tangazo. Kabla ya jua kutoka ulimwinua kitandani, ukamvisha gauni, ukamfikisha katikati ya korido na mikono imeshainuka kupiga makofi ya kuamsha. Akabaki ameinua mikono, hana wa kumwamsha. Siku moja mchana upepo ulibamiza mlango wa bafuni, naye akafoka kwa sauti yake yote: "Nani huyo? Mlango huo mama yako ndiye aliyeununua?" Korido ikamrudishia maneno yake yote, neno kwa neno. Alijisikia haya, akageuka kuangalia kama kuna aliyemwona.

Na chakula nacho. Kwa miaka yote ile alikuwa amekula kilichopikwa kwenye masufuria ya kulisha shule nzima, akalalamika kama wanavyolalamika watoto kwamba kimeungua au kina mawe. Sasa alikuwa na jiko dogo chumbani na hakujua mtu mmoja anakula mchele kiasi gani. Alipika, akala, akala tena kesho yake, na kesho kutwa akamwaga kilichochacha. Mwishowe akawa anakunywa chai tu, kwa kuwa kikombe hakina ubishi.

Akampigia mdogo wake.

"Haloo, Matroni wetu!" mdogo wake akaitika, nyuma yake kelele za watoto na televisheni. "Mzima?"

"Mzima. Nilikuwa nafikiri nije nikae nanyi mpaka hili janga lipite."

Ile televisheni ikapunguzwa sauti.

"Dada, usifikiri hatukutaki," mdogo wake akasema polepole. "Ila shemeji yako anasema wewe umetoka kwenye watoto wengi, kila mmoja na kwao. Na mama mkwe yuko hapa, unakijua kifua chake."

"Naelewa."

"Usilichukulie vibaya."

"Sijalichukulia vibaya."

"Dada, umenuna."

"Sijanuna, mdogo wangu. Ngoja nikate simu, chakula kinaungua."

Jikoni hakukuwa na chakula. Aliiweka simu juu ya kitanda, akaitazama kwa muda, halafu akaigeuza kifudifudi.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, alitoka akaenda mpaka getini. Yeye na Sajini walikuwa wamejuana miaka na miaka bila kuvuka "habari za zamu" na "salama tu". Mzee alikuwa kwenye benchi lake, redio ndogo begani, birika juu ya jiko la mkaa. Alipomwona alisimama akapiga saluti.

"Matroni! Kuna tatizo bwenini?"

"Hakuna tatizo. Nimekuja kukaa."

Sajini aliangalia benchi, akaangalia umbali ulioamriwa, akaenda kumletea ndoo, akaifudikiza mbali kidogo na yeye. Matroni akaikalia. Mazungumzo ya mbali na barakoa mdomoni ni kazi ya kusukuma gari bovu, na Sajini sikio lake moja lilikuwa zito tangu ujana.

"Umekula?" Matroni akauliza.

"Nani ameumwa?"

"Nasema, umekula?"

"Aa! Mimi nimekula. Mke wangu hawezi kuniacha nitoke bila kula, hata tukiwa tumegombana. Leo tumegombana."

"Kisa?"

"Anasema nanawa mikono kama paka."

Matroni aliangua kicheko kikamshtua yeye mwenyewe, kwani hakukumbuka mara ya mwisho kucheka ilikuwa lini. Toka hapo ikawa desturi yao. Jioni mzee alipoingia zamu, na asubuhi kabla hajatoka, walikaa hivyo, mmoja benchini, mwingine kwenye ndoo, wakipigiana kelele kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Sajini alikuwa na habari za kila kitu: nani kafunga duka, nani kafumaniwa akifungua duka kinyemela, daktari gani redioni kasema hivi na yupi kasema vile. Alitia chumvi, na Matroni alijua anatia chumvi, akamwacha. Naye akamsimulia habari za wasichana, wale watundu hasa, mpaka mzee akawajua kwa tabia zao watoto ambao alikuwa akiwaona wakipita tu na mabegi.

"Unawakumbuka sana," Sajini alimwambia asubuhi moja.

"Wananichosha."

"Nimesema unawakumbuka."

"Na mimi nimekujibu."

Jioni moja mzee hakuja. Matroni alikaa kwenye ndoo mpaka giza likaingia, kisha akampigia, simu haikupatikana. Kesho yake akampigia mwalimu mkuu.

"Sajini amepumzika, anaumwa kidogo," mwalimu mkuu alisema, sauti yake imechoka kama ya mtu aliyekwisha kujibu simu nyingi. "Mlinzi mwingine kwa sasa hatuna. Funga geti kwa ndani, Matroni, usimfungulie mtu."

"Anaumwa nini?"

"Homa. Watu wengi wana homa."

Akalifunga geti kwa kufuli mbili. Sasa shule nzima, na madarasa yake, na uwanja wake ulioanza kuota nyasi hadi magotini, ilikuwa na mtu mmoja ndani.

Kinachofuata hapo hakina mengi ya kusimulia, na ndiyo shida yake. Matroni, ambaye alikuwa akiwafokea wasichana kwa shuka lisilonyooshwa, akaacha kutandika. Akavaa gauni lile lile mpaka likaanza kunuka jasho, akalitambua hilo, akalivaa tena. Alijifunika gubigubi mchana, akatazama dari. Hakulia. Angelia pengine angepata nafuu, lakini kilio nacho kinataka nguvu. Aliwasha redio akaizima, maana kila saa ni hesabu ya waliougua na waliokufa, na baada ya hesabu hiyo nyimbo za furaha. Mdogo wake alipopiga, alisema "tuko salama huku", na alipokata simu akajiuliza hao "tuko" ni akina nani. Alijitahidi kujikaza kisabuni. Alijiambia kuna watu wana wagonjwa ndani, kuna watu wamefukuzwa kazi, wewe una kitanda na mshahara unaingia, unalalamikia nini? Hoja hiyo ilikuwa na akili, na haikumsaidia chochote.

Siku aliyosikia geti linagongwa kwa jiwe alidhani ni masikio yake. Likagongwa tena. Alijifunga barakoa, akajivuta mpaka getini, akachungulia kwenye nondo.

Nje alikuwa amesimama mwanamke mfupi mnene, wa makamo anayeelekea uzeeni, na mfuko mtupu wa gunia kwapani.

"Wewe ndiye Matroni?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni mke wa Sajini. Nimekuja kuchukua vitu vyake."

Lile neno "vitu" lilimfikia Matroni kabla ya mengine. Mtu anayepona huja kuchukua vitu vyake mwenyewe. Alishika nondo.

"Lini?" akauliza.

"Wiki iliyopita. Walimzika wenyewe wale wa hospitali, wamevaa yale mavazi yao. Mimi na mwanangu tulisimama mbali, mbali, kama tunaangalia msiba wa mtu mwingine." Alisema bila kupandisha wala kushusha sauti, kama mtu anayesoma kitu alichokwisha kukisoma mara nyingi. "Usinipe pole tafadhali. Nimepewa pole kwenye simu mpaka sikio linawasha."

Matroni hakutoa pole. Alifungua kufuli, akasogea nyuma, akamwonyesha kibanda. Mke wa Sajini akaingia, akatia ndani ya gunia buti za akiba, koti la mvua, redio, na birika, kisha akasimama akitazama benchi. Matroni alisimama nje na mikono imemning'inia. Kwa miaka yote kazi yake ilikuwa kumshika mtu anayelia. Sasa aliyekuwa mbele yake hakuwa analia, na hakuruhusiwa kumshika.

"Ndoo hii ndiyo yako?" mwanamke akauliza.

"Ndiyo."

"Alinisimulia. Kila asubuhi anarudi na habari zako. Matroni kasema hiki, Matroni kacheka vile. Nikaona huyu mzee sasa kapata mke wa pili huko getini, tena wa kuongea naye tu. Nilikuwa nimepanga nije nikuangalie sura." Alimtazama juu hadi chini: gauni, nywele zilizosimama timtim, miguu yenye vumbi. "Nimekuona. Sina wasiwasi tena."

Walitazamana. Aliyeanza kucheka hajulikani ni nani. Walicheka mpaka mke wa Sajini akalazimika kuketi kwenye lile benchi, na hapo benchini kicheko kikageuka, mabega yake yakaanza kutikisika kwa namna nyingine. Matroni akaifudikiza ndoo, akakaa kwa mbali, naye machozi yakamtoka, yakaloanisha barakoa mpaka ikawa shida kupumua. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Siku mbili tatu zikapita. Geti likagongwa kwa jiwe.

"Nilisahau kifuniko cha birika," mke wa Sajini alisema.

Matroni aliingia kibandani akatafuta juu na chini, akatoka mikono mitupu. Kesho yake mwanamke akaja tena. Safari hii alisema kifuniko amekiona, kilikuwa juu ya birika lenyewe, amekuja kumwambia asihangaike kukitafuta. Wala hakuondoka. Alitandika gunia nje ya geti, akakaa, na Matroni akakaa kwa ndani, nondo katikati.

Usidhani walikuwa marafiki wa kupendeza kuwaangalia. Mke wa Sajini alikuwa na ulimi mkali. Alimsema marehemu wake kana kwamba yuko chumba cha pili anasikia: bahili, mkoromaji, mtu wa kuficha maumivu mpaka yamshinde. "Alikohoa siku nne ananiambia ni vumbi. Vumbi! Mimi ndiye ninayefagia ile nyumba, vumbi litoke wapi?" Alimsema mwanawe wa kiume aliyetaka kumhamishia kwake. Akamsema na Matroni.

"Unanuka," alimwambia siku moja. "Hata kwa barakoa nasikia."

"Maji ni ya baridi."

"Bafu nzima ya watoto mia, na wewe unaogopa maji?"

Matroni alikasirika, akaingia ndani bila kuaga. Kisha akaenda kuoga. Akafua lile gauni, akatandika kitanda, na hasira ilipokwisha akaona chumba kimekuwa chumba tena. Hakumshukuru mwenzake kwa hilo, wala mwenzake hakuuliza. Toka hapo alioga kila siku kabla ya muda wa mgeni wake, kwa ukaidi tu, ili asipewe nafasi ya kumsema. Zipo siku mgeni hakuja, na siku hizo zilikuwa ndefu na mbaya kama zile za nyuma. Zipo siku alikuja na wote wawili hawakuwa na neno, wakakaa wakiangalia barabara isiyo na watu, wakaagana. Uchovu haukuondoka. Ila sasa ulikuwa na mahali pa kukaa.

Mwezi ule uliosemwa ulikuwa umekwisha kupita na kuzaa miezi mingine. Nyasi zikafyekwa, ndoo za kunawia zikapangwa mbele ya kila darasa, mlinzi mpya akaletwa, kijana mwenye simu mbili asiyesalimia. Na siku moja wasichana wakarudi.

Matroni alikuwa ameingojea siku hiyo, akaipanga kichwani kila namna. Alisimama mlangoni akawapokea mmoja mmoja. Walikuwa wamerefuka. Baadhi ya vitanda havikupata mtu: huyu kaolewa, yule familia imehama, mwingine hakuna ajuaye. Wapo waliorudi wamefiwa, na hao aliwajua bila kuambiwa, kwa jinsi walivyofungua masanduku polepole. Mmoja, aliyekuwa mpiga soga namba moja wa bweni, alimuuliza kwa adabu mpya kama anaweza kupewa kitanda cha pembeni ukutani. Akampa.

Kisha zikaja kelele. Milango, ndoo, vicheko, ugomvi wa nani kachukua sabuni ya nani. Kelele zile zile alizozitamani akiwa peke yake zilimpiga kichwani kama nyundo. Siku ya tatu alijikuta amejifungia chumbani kwake, ameziba masikio kwa viganja, na mlangoni mtoto anabisha hodi: "Matroni, Matroni, tumbo." Akainuka akafungua. Alimpa dawa, akamkanda tumbo, akamrudisha kitandani. Lakini kesho yake asubuhi alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Nimechoka, mwalimu."

Mwalimu mkuu aliinua kichwa. "Umechoka? Matroni, ulikuwa na bweni tupu muda wote huo. Umechokea nini?"

"Sijui nilichochokea. Ila nimechoka. Naomba Jumapili zangu."

"Hujawahi kuziomba tangu nikufahamu."

"Ndiyo naziomba sasa."

Mwalimu mkuu alimwangalia kidogo. Naye, kwa kweli, macho yalikuwa yamemwingia ndani, na kitambaa cheusi alichokuwa amejifunga kichwani hakikuwa cha mapambo. Matroni alikuwa amesikia habari za msiba wa kaka wa mwalimu. "Chukua," akasema. "Nitamwambia mwalimu wa zamu akushikie. Na ukiona wenzako wanalalamika, waambie mimi ndiye niliyesema."

Jumapili ya kwanza Matroni aliuliza njia, akaifuata, akapotea, akarudi nyuma, hatimaye akaiona nyumba: vyumba viwili nyuma ya gereji, mlango wa bluu. Mke wa Sajini alikuwa kizingitini na karai la kunde mapajani. Hakuinuka.

"Umechelewa."

"Nilipotea."

"Mtu mzima anapotea? Kaa hapo. Shika."

Matroni alivuta kigoda, akachota kunde gao moja, akaanza kumenya. Ndani ya gereji mtu alikuwa anajaribu kuwasha injini, inakohoa na kuzima, inakohoa na kuzima. Mwenyeji alimweleza kwamba mwanawe kaja tena na lori la kuazima, akarudi na lori lake tupu, na kwamba safari ijayo yeye huenda akakubali kuhama, huenda asikubali, hajui. Matroni alisema na yeye hajui.

"Haya, hao watoto wako? Wanaendeleaje?"

Zamani angeanza kusimulia mpaka jua lizame. Alifikicha ganda la kunde katikati ya vidole, likapasuka, akatia punje kwenye karai.

"Usiniulize leo," akasema.

"Sawa," mke wa Sajini akasema, akamsogezea karai karibu.